Pakiti ya dafodili za kuchanua kwa zamu: nzuri, ila miezi ya kwenye lebo isikuchanganye

Kama unataka jibu la haraka, chukua. Hii pakiti ya vitunguu vya dafodili (yale maua ya nchi za baridi, na vitunguu hivi ni vya kupanda sio vya kula) yenye aina za mapema, za katikati na za mwisho inafanya ilichoahidi, bustani inakaa na maua zaidi ya miezi miwili badala ya ile ya kuchanua yote kwa mpigo halafu basi mpaka mwaka ujao. Ila kuna vitu kwenye lebo vinakera na nitavisema, maana watu wanaagiza, mwezi wa pili ukifika hamna ua wanaanza kulalamika wametapeliwa, kumbe kitunguu kiko salama kabisa huko chini kinasubiri muda wake.

Shida yenyewe ni hiyo miezi. Kila kifuko ndani ya pakiti kina aina yake na kimeandikwa mwezi wa kuchanua, ile inayoitwa February Gold wameiweka Februari, Ice Follies Machi, Thalia Aprili, hivyo hivyo mpaka cha mwisho, tena kwa herufi kubwa utadhani ni tarehe ya mtihani. Sasa dafodili haiendi kwa kalenda, inaenda kwa baridi na joto la udongo. Ua la mwaka huu lilishajitengeneza ndani ya kitunguu tangu kiangazi kilichopita, dogo sana, limejikunja katikati ya yale maganda. Ukikipanda Septemba au Oktoba kinaanza na mizizi, juu huoni chochote, halafu kinataka baridi ya muda mrefu, wiki 12 mpaka 16 hivi chini ya nyuzi 9 za Selsiasi, ndo bua liweze kurefuka vizuri. Hiyo baridi ikishatosha kinachobaki ni joto, udongo ukipata joto mapema majani yanatoka mapema, baridi ikigoma kuondoka nayo yanagoma. Ndo maana February Gold pamoja na jina lake, bustani nyingi za kaskazini mwa dunia inachanua Machi, Februari ni ule mwaka ambao baridi imekuwa ya huruma.

Na hata ndani ya bustani moja mwezi hauwi mmoja. Vile ulivyopanda chini ya ukuta unaopigwa na jua vinaweza kutangulia wenzao wa kivulini wiki nzima au mbili, aina ileile, pakiti ileile, siku ileile ya kupanda. Kwa hiyo usishike mwezi, shika foleni. Foleni ndo kitu ambacho hii pakiti imepanga vizuri sana na ndo sababu naisifia, kwamba nani anamfuata nani haibadiliki kirahisi, mwaka ukichelewa wote wanachelewa pamoja, ukiwahi wote wanawahi. Walio kusini mwa dunia wasogeze kila kitu miezi sita, yaani kupanda ni kuanzia Machi na maua ni kuanzia Agosti huko, lebo haijasema neno juu ya hilo na ingechukua mstari mmoja tu.

Wa mbele kwenye foleni ni Tête-à-Tête na February Gold. Tête-à-Tête naipenda kupita zote humu. Ni fupi, sentimita 15 mpaka 20 hivi, bua moja mara nyingi linabeba maua mawili au zaidi, na kwa sababu ya ufupi upepo wa mwisho wa baridi haulilazi chini wakati ndefu zinalala kifudifudi. Alec Gray ndo aliyeizalisha huko Cornwall, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mpaka leo sijaona ya kuishinda kwenye chungu. Kama huna bustani una kibaraza tu, hiyo peke yake inatosha.

Inafuata iliyoandikwa King Alfred, na hapa lazima niseme ukweli. King Alfred halisi ni ya mwaka 1899, ilizalishwa na John Kendall, na siku hizi kuipata ni kazi. Dafodili kubwa za njano zinazouzwa kwa jina hilo karibu zote ni aina nyingine zinazofanana nayo, Dutch Master ikiwa ndo ya kawaida zaidi, na humu naona ni hivyohivyo. Ua lenyewe ni zuri sana, tarumbeta pana (yaani kile kikombe kirefu cha katikati), njano iliyokolea, halina kosa, na Dutch Master ni mmea mzuri kwa haki yake, sasa kwa nini lisiandikwe jina lake? Mnunuzi anastahili kujua alichopanda.

Ice Follies nayo iko katikati na ni ya kuangalia kila siku kwa sababu inabadilika. Ikifunguka kile kikombe cha katikati ni cha njano, siku zikienda kinapauka taratibu mpaka kinakaribia weupe wa petali, ukipita leo na ukipita wiki ijayo unaweza kudhani mtu kang'oa akapanda nyingine. Inazaana vizuri pia. Thalia ni nyeupe yote, maua mawili matatu kwa bua, yanainama kidogo, kwa mpaka wa njia au karibu na mlango hamna zaidi ya hiyo. Na anayefunga ni ile wanayoiita dafodili ya mshairi, aina ya recurvus, petali nyeupe zimejikunja nyuma na kikombe kidogo sana chenye ukingo mwekundu, harufu yake kali na nzuri. Hii inachanua wakati wenzake wameshanyauka, mwisho wa Aprili mpaka Mei, na inataka udongo usiokauka kabisa na muda wa kuzoea, mwaka wa kwanza inaweza kukupa kidogo. Ivumilie.

Kitu ambacho picha ya pakiti haionyeshi, na kwangu ndo raha kubwa ya haya maua, ni zile siku kabla ya kufunguka. Tumba linapanda limesimama wima, limefungwa ndani ya ngozi nyembamba ya kijani, linaelekea juu moja kwa moja katikati ya majani. Halafu linaanza kuinama, shingo inakunjika kama ya bata bukini, ile ngozi inakauka na kugeuka kahawia, inapasuka ubavuni, na rangi inaanza kuonekana ndani ya ufa. Hapo ndo wakati wa kukata kama unataka ya ndani, ukiyaweka kwenye maji yanafunguka ndani ya siku moja au mbili na yanakaa muda mrefu kuliko yaliyokatwa yakiwa wazi. Ila usiyachanganye na maua mengine kwanza, utomvu wake unayaharibu wenzake, yaache peke yake kwenye maji kwa saa kadhaa, mwaga hayo maji, usiyakate tena, ndo uchanganye.

Ubora wa vitunguu vyenyewe: vizito, vigumu, vingi vina pua mbili, yaani kila kimoja kinaweza kutoa zaidi ya bua moja. Vichache vilikuwa laini kitakoni, hiyo ni dalili ya kuoza, usivipande hata kama umevionea huruma maana ule ugonjwa unabaki kwenye udongo. Mzigo ukifika bonyeza kila kimoja kwa kidole gumba pale chini kabla hujafanya lolote. Muuzaji alivibadilisha bila maneno mengi, hapo nampa alama zote. Maelezo ya kina cha kupanda nayo yako sahihi, mara tatu ya urefu wa kitunguu, kwa hizi kubwa ni sentimita 15 hivi.

Lakini jambo moja silielewi kabisa, pakiti haina onyo la sumu. Hivi vitunguu vimefanana mno na vya jikoni na vina sumu, ukila unatapika vibaya, na mbwa vilevile. Visikae kabisa karibu na chakula, na watoto waambiwe. Vaa glavu ukivishika vingi kwa sababu utomvu unawasha ngozi. Faida ya hiyo sumu ni kwamba kindi na kulungu wanaotafuna tulipu za watu hizi wanaziacha.

Sasa kwa mlio sehemu zenye joto mwaka mzima: hii pakiti sio yenu jamani, utapata majani, ua hamna, au litatokea fupi limebanwa humo humo. Unaweza kuvilaza kwenye friji wiki 12 na kuendelea, kwenye mfuko wa karatasi, mbali na matunda kwa sababu gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva inaua tumba ndani, ila kwa kila mwaka ni kazi. Tafuta Paperwhite, ni jamaa ya dafodili ila hiyo haidai baridi, unaipanda ndani na baada ya wiki nne mpaka sita hivi imechanua, harufu yake nzito wengine hawaiwezi.

Na mwisho majani. Kikaratasi cha maelekezo kinaishia kwenye ua, hakisemi kitu baada ya hapo, na hapo ndo ua la mwaka ujao linapoamuliwa. Kata lile ua lililonyauka lisitengeneze mbegu, majani yaache, usiyafunge fundo wala usiyasuke ili yapendeze, yaache angalau wiki sita mpaka yawe ya njano yenyewe, kwa sababu kitunguu kinakusanya chakula chake kwa hayo. Anayekata nyasi nyumbani aambiwe mapema. Miaka ikipita ukaona majani kibao maua machache ujue vimebanana, subiri majani yakauke, chimbua, vitenganishe, virudishe kwa nafasi.