Fremu ya baiskeli ya titani: bomba la unene mmoja au lililopunguzwa katikati?
Nimeendesha zote mbili, aloi (mchanganyiko wa metali) ileile: titani yenye alumini asilimia 3, vanadi asilimia 2.5. Mabomba ya fremu ya kwanza yana ukuta wenye unene wa milimita 0.9 mwanzo hadi mwisho. Ya pili yana unene huo kwenye maungio tu, palipochomelewa, katikati ukuta ni mwembamba zaidi. Ukiyagonga kwa kucha unasikia: kwenye maungio mlio mkavu, katikati yanavuma.

Kwenye kokoto fremu ya pili inameza mtetemo, mikono haifi ganzi. Raha kweli! Lakini nina kilo 95, na nikisimama kwenye pedali kupanda mlima naihisi ikijipinda chini yangu. Kwa safari ndefu yenye mizigo nachukua ya unene mmoja, bila kusita. Uzito uliookolewa haufiki hata nusu chupa ya maji.