TV ina sauti lakini haina picha: uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Kwa siku nne nyumbani kwetu Mbagala tulisikiliza taarifa ya habari kwenye TV iliyo giza. Ukibonyeza remoti inawaka, sauti inatoka safi kabisa, king'amuzi kinabadili chaneli, lakini kioo cheusi tii. Mama yangu anaumwa magoti, hatoki sana, na ikifika saa mbili usiku lazima awe kwenye kochi lake anasubiri habari. Siku hizo alikuwa ananiuliza, "Huyu anayeongea sasa hivi ni nani, mwanangu?" Namtajia ninayemtambua kwa sauti, nisiyemjua nanyamaza. Iliniuma sana.

TV yenyewe ni ya inchi 43. Niliinunua mwaka 2019 nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa, tukaachana na ile ya chogo.

Fundi wa kwanza alikuwa wa mtaani kwetu. Alikuja, akaiwasha, akaitazama kama dakika moja, akasema kioo kimekufa, na kioo ukikitafuta bei yake inakaribia TV mpya. Akaniambia yuko tayari kuichukua kwa elfu sitini ili apate spea. Hakufungua hata skrubu moja. Kuhusu bei ya kioo alisema kweli, na ndiyo maana nilikaribia kukubali: ukisikia neno "kioo" unakata tamaa hapo hapo. Nikamwomba anipe siku mbili nifikirie.

Kazini dada mmoja akanifundisha kitu ambacho kila mwenye TV ya flati angepaswa kukijua. Zima taa za ndani, washa TV, halafu washa tochi ya simu na uisogeze karibu kabisa na kioo, ukiilaza upande kidogo. Usiku ule nilifanya hivyo na mama yuko pembeni yangu. Kwenye kile kiduara cha mwanga nikamwona mtangazaji, hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia, midomo inacheza. Nikahamisha tochi chini, maandishi yanapita. Picha ilikuwepo muda wote! Kioo cha TV nyingi za flati hakitoi mwanga chenyewe. Kinapitisha mwanga wa taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake. Taa zikifa, picha inaendelea kuchorwa lakini hakuna kinachoimulika.

Jumamosi nikaifunga TV kwa shuka na kitenge, nikaipakia kwenye bajaji hadi Kariakoo. Niliishikilia wima njia nzima. Kuilaza ni hatari, kwa sababu tuta moja tu linatosha kukipasua kioo kweli.

Fundi niliyeelekezwa yuko karibu na Mtaa wa Aggrey, chumba kidogo chenye meza mbili. Nilipomweleza habari ya tochi akacheka kwa furaha, akasema, "Basi dada umenipunguzia kazi. Kaa hapo uone." Hilo ndilo lililonifanya nimwamini: alifungua mbele yangu. Kwanza alichomoa waya na kuiacha TV itulie. Akanionyesha kapasita kubwa, kile kifaa kinachohifadhi umeme, kwenye bodi ya pawa, akaniambia ile inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata TV ikiwa imechomolewa, ndiyo maana hataki watoto wa watu wachezee migongo ya TV. Akapima bodi, akaangalia kama kuna kapasita zilizovimba vichwa. Bodi ilikuwa nzima.

Kazi ngumu ni kukitoa kioo. Walikuwa wawili, wamenawa mikono na kuikausha. Pembeni mwa kioo kuna tepe nyembamba kama karatasi ya pipi zinazokiunganisha na bodi yake. Ukichana moja tu kioo kimekwisha, na hapo yale maneno ya fundi wa kwanza yanakuwa kweli. Walikiinua kwa pamoja, polepole, bila kuongea, wakakiweka kwenye meza iliyotandikwa blanketi. Na mimi pumzi nilikuwa nimeishika. Chini yake kulikuwa na karatasi tatu nyeupe za kusambaza mwanga. Akazitia alama kwenye kona kwa kalamu, kwa sababu ukizirudisha kwa mpangilio mwingine au ukizigeuza picha inaharibika.

Ndipo nikaziona taa. Stripu tatu ndefu, kila moja ina taa nane, na kila taa imefunikwa na kikombe kidogo cha plastiki. Akazigusa moja moja kwa kipimo chake. Zinawaka kali hadi unafumba macho, moja, mbili, tatu, halafu ya nne kimya. Akabandua kikombe chake: katikati ya ile sehemu ya njano ya taa kulikuwa na kidoa cheusi kama kichwa cha pini. Taa mbili tu kati ya 24 ndizo zilizokufa. Akanieleza kwamba zimeungwa mfululizo, umeme unapita kwenye moja kwenda nyingine, kwa hiyo moja ikikatika zote zinazima.

Nikauliza kwa nini asibadilishe hizo mbili. Akasema anaweza, kwa bei ndogo, lakini zilizobaki zimechoka kwa joto lile lile, na baada ya muda nitarudi tena, kioo kifunguliwe tena, na kila kukifungua ni kukibahatisha. Nilikubali zote tatu. Stripu mpya zilinigharimu 48,000, ufundi 40,000, jumla 88,000. TV mpya ya ukubwa ule duka la jirani waliniambia 720,000.

Kuna jambo la ziada alilofanya baada ya kuniuliza. Kwenye bodi alitoa rizista moja ndogo, kifaa kinachodhibiti umeme, ili mkondo wa umeme unaokwenda kwenye taa upungue. Mwanga umeshuka kidogo na taa hazichemki kama zamani. Pia akaingia kwenye mipangilio, akakuta beklaiti, yaani mwanga wa zile taa za nyuma, imewekwa 100 tangu nilipoinunua, akaishusha hadi 60. Miaka yote ile nilikuwa nazichoma taa bila kujua, na sebule yetu wala haina jua kali la kuhitaji mwanga ule. Kama yako iko 100, ishushe leo.

Sasa ni mwezi wa nane tangu itengenezwe na TV inawaka kila siku. Mama anaona sura za watu wake, na kila fundi yule akitajwa anamwombea dua.

Nikipewa nyota tano nampa nne. Aliniahidi ningeichukua Jumapili, nikaipata Jumanne jioni kwa sababu stripu za kwanza alizonunua hazikulingana na zangu kwa urefu. Sikatai, ila angenipigia simu mimi nisingepoteza nauli ya kwenda na kurudi. Risiti niliidai mwenyewe, akaiandika kwa mkono pamoja na garantii ya miezi mitatu ambayo mwanzoni ilikuwa ya mdomo tu. Halafu kona ya chini kushoto kuna kivuli chembamba, kinaonekana picha ikiwa nyeupe tupu. Nilikiona nyumbani, nikampigia, akasema huenda karatasi moja haikukaa sawa na niirudishe afungue bure. Sijairudisha. Nikikumbuka zile tepe na wale watu wawili wakiinua kioo kimya kimya, naona kivuli kile kikae tu.