Uzoefu wangu na Fluke 789 kwenye sensa za transfoma

Mafundi wenzangu huniuliza kama Fluke 789, kipimo cha umeme cha mkononi, kina thamani ya bei yake, ilhali multimita ya kawaida unaipata Luthuli Avenue, Nairobi, kwa pesa kidogo. Jibu langu ni ndiyo, na si kwa sababu ya kupima. Fluke 789 hutoa pia mkondo wa miliampia 4 hadi 20, kwa hiyo unaweza kuiweka mahali pa sensa na kuona mfumo unajibu nini.

Kazi iliyonithibitishia ilikuwa kiwanda kimoja Barabara ya Lunga Lunga, chenye transfoma ya kilovolti 11. Wakati wa masika, joto la mafuta kwenye skrini liliruka ghafla kutoka nyuzi 60 hadi zaidi ya 100, kisha likarudi. Mafuta hayaendi hivyo. Mafuta na chuma kingi namna ile hupata joto polepole. Namba ikiruka kwa sekunde, tafuta kosa kwenye nyaya. Hata hivyo oda ya sensa mpya ilikuwa imeshaandikwa.

Tuliomba kwanza tripu ya joto, yaani kinga inayozima transfoma ikipata joto kupita kiasi, izuiwe kwa muda. Ukichomoa waya wa Pt100 (sensa ya joto yenyewe), transmita nyingi, yaani vifaa vinavyogeuza ukinzani wa sensa kuwa miliampia, huonyesha joto la juu kabisa, na kiwanda kizima kinaweza kuzimika. Kisha nikaitoa transmita, nikaunganisha 789, nikatuma miliampia 12. Transmita ilipangwa nyuzi 0 kwa miliampia 4 hadi nyuzi 150 kwa miliampia 20; 12 iko katikati, kwa hiyo skrini ilipaswa kusoma 75. Ikasoma 75, ikatulia. Hapo hapo kebo ndefu ya kwenda chumba cha mitambo na kadi ya PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) zikatoka kwenye lawama.

Nikahamia upande wa pili. Pt100 ina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kwenye kichwa cha sensa nilipata kama omu 123, yaani nyuzi 60, sawa na geji ya mshale iliyo ubavuni mwa tanki. Sensa nzima! Zikabaki nyaya tatu za kutoka sensa hadi transmita. Mbili kati yake huanzia ncha moja ya sensa, hivyo ukipima baina yake unatarajia karibu sifuri. Hizi zilisoma omu kadhaa, na namba ikacheza nilipotikisa terminali. Maji yalikuwa yamepenya kwenye glandi (kizibo cha kupitishia kebo) ya juu ya sanduku la terminali, na shaba imeota kutu ya kijani. Nyaya tatu husahihisha ukinzani wa kebo pale tu zinapolingana. Omu 1 ya ziada kwenye waya mmoja hupotosha usomaji kwa karibu nyuzi 2.6, na mguso ukiachia kabisa namba inapaa. Tulikata ncha, tukabana lagi mpya (vichwa vya waya), tukabadilisha glandi. Oda ikafutwa.

Kuna mipaka. Haiwezi kuiga ukinzani wa Pt100, kwa hiyo natembea na vikinzani vya omu 100 na 120 mfukoni. Kutuma mkondo muda mrefu hula betri, ingawa ni AA nne za kawaida. Vicheche vidogo vya umeme ndani ya insulesheni (partial discharge) hutaviona, kwani masafa yao yako juu mno kwa kifaa hiki.

Na tafadhali sana: alama ya volti 1000 CAT III (daraja la usalama la kipimo) haikupi ruhusa ya kugusa kilovolti 11. Fluke hii ni ya nyaya za vipimo tu. Saketi ya sekondari ya CT (transfoma ya kupimia mkondo) usiifungue kamwe mkondo ukipita, hata kama mwenye kiwanda ana haraka. Volti zinazoinuka hapo huua.

Ukinunua, dai cheti cha kalibresheni chenye namba ya kifaa chako. Cheti kisipokuwepo, peleka kifaa kwenye maabara za KEBS (shirika la viwango la Kenya), Popo Road, Nairobi, kabla hujakitumia kuamua lolote kuhusu transfoma ya mtu.