Huduma ya kuombea ufadhili wa vyuo vya Marekani, Mwanza

Ofisi hii ya wakala wa vyuo vya nje, iliyoko Barabara ya Kenyatta, inaifahamu vizuri fomu ya CSS Profile, ambayo vyuo vingi vya Marekani huitumia kupima uwezo wa familia kabla ya kutoa msaada wa fedha. Mhudumu alikaa na shemeji yangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, akapitia daftari lake la mauzo ukurasa kwa ukurasa, na katika maelezo ya ziada akaeleza kwamba siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, hivyo kipato hupanda na kushuka. Hapo sina neno.

Kasoro ni ada. Mpwa wangu alitozwa pia fedha za kujaziwa FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, ilhali msaada huo haumhusu Mtanzania anayekwenda kwa viza ya masomo. Isitoshe, orodha ya vyuo aliyopewa haikuwa na Amherst wala Yale, ambavyo havimnyimi mgeni nafasi kwa sababu ameomba msaada, na akidahiliwa hugharimia mahitaji yake yote yaliyothibitishwa. Ningewalipa tena kwa ile fomu ya kwanza tu, tena kwa risiti.