Trapu ya mvuke: kabla hujalipa, soma kibati

Usiku ule draya, mashine yetu ya kukausha chai kwa joto la mvuke, ilitoa chai inayonata vidoleni. Boila inanguruma, kuni zinateketea, geji iko bar 7, lakini joto la draya halipandi. Nikasogeza kiganja kwenye trapu mpya niliyoinunua mwenyewe, kile kifaa cha kutoa maji ya mvuke uliopoa huku kikizuia mvuke usitoke: baridi kama jiwe la mtoni. Radieta, mabomba yanayopasha hewa ya draya, ilikuwa imejaa maji tele.

Muuzaji aliniapia ni trapu "ya bar 14". Hakudanganya, na ndiyo maana hasira haijanitoka. Hiyo 14 ni presha ambayo bodi inahimili isipasuke. Kitundu cha ndani cha kutolea maji kilikuwa cha bar 4.5. Kwenye trapu ya boya, maji huinua boya, boya huvuta vali, maji yakatoka. Lakini mvuke nao unaikandamiza vali kwenye kitundu. Tofauti ya presha kati ya kuingilia na kutokea ikizidi namba ile, boya halina ubavu wa kuivuta. Trapu inabaki imefunga, haivuji hata tone, na ukiitazama utadhani nzima.

Saizi ya bomba na nyuzi za kufungia fundi wako anazijua. Wewe uliza hiyo tofauti, uisome kwenye kibati, kile kipande cha bati chenye namba za trapu. Wala usikimbilie namba kubwa kuliko zote: presha ikiwa kubwa kitundu huwa kidogo, na maji yanayopita hupungua.

Kwa draya naweka boya mbele, na sifichi upendeleo: Spirax Sarco FT14-10. Namba iliyo baada ya kistari ndiyo ya kusoma. Ina kitoa hewa ndani, kwa hiyo boila ikiwashwa asubuhi draya haichelewi. Inachoogopa ni kishindo cha maji bombani, ambacho huponda boya.

Inayofuata ni ya ndoo iliyopinduliwa, ya Armstrong. Hiyo huvumilia vishindo, ila hewa hupenya kwa kitobo kimoja juu ya ndoo, nawe unasubiri. Nayo ina namba yake ya tofauti, iangalie vilevile.

Ya kisahani naiweka mwisho, kwa bomba kuu la nje tu. Ni imara, kinachocheza ndani ni kisahani peke yake, ta-ta-ta. Ila mvua zetu za Kericho za kila alasiri huipoza kichwa, ikaanza kufungua ovyo na kumwaga mvuke. Ivike kofia.

Za bei poa zisizo na kibati, pita.

Niliomba kununua vali ya bar 10 na kiti chake, yaani kile kipande chenye kitundu, peke yake, nibadilishe vya ndani. Nikaambiwa nichukue trapu nzima, bei ikatajwa kwa dola, kana kwamba sisi chai tunaikausha Marekani! Ile ya 4.5 nikaihamishia laini ya bar 3. Haijawahi kunisumbua.