Mthamini aliniambia nipige msasa Lee-Enfield ya mdunguaji. Uzoefu wangu na huduma ya kuthamini bunduki za zamani

Wakuu naandika hii bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Kuna watu wanafanya kazi ya kuthamini silaha za kale, jina lao naliacha, wanajinadi kwamba bunduki za vita ndo fani yao. Unalipa ada, unapeleka silaha na karatasi zake za umiliki, mthamini anaikagua mbele yako, baadae unapewa ripoti yenye bei. Niliwatumia kitambo kidogo tu na hadi leo nikikumbuka maneno ya yule jamaa moyo unakwenda mbio.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkubwa, Lee-Enfield No. 4 Mk I (T) ya mwaka 1944, bunduki ya jeshi la Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, toleo la mdunguaji. Hiyo herufi T ndo kila kitu. No. 4 za kawaida zilitengenezwa zaidi ya milioni 4 ukijumlisha viwanda vya Uingereza, Kanada na Marekani, zipo nyingi mno. Ila (T) ni zile zilizoonekana kiwandani zinapiga kwa shabaha kuliko wenzake, zikatengwa, zikapelekwa kwa mafundi bunduki wa Uingereza, Holland & Holland wakazifunga pedi mbili za chuma ubavuni kushoto, breketi ya kushikia darubini, darubini yenyewe No. 32 na kile kipande cha mbao cha kuegemezea shavu. Kampuni hiyo ilifanya elfu ishirini na kitu. Baadae huko, miaka ya 1970, nyingine zikageuzwa kuwa bunduki ya mdunguaji iitwayo L42A1, na mtutu mpya wa risasi za milimita 7.62, na nyingine ziliuzwa zikiwa zimenyofolewa darubini. Kwahiyo iliyobaki nzima na darubini yake ileile iliyotoka nayo 1944 ni kitu cha kukigusa kwa adabu.

Sasa utajuaje ni darubini yake ileile? Hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Namba ya darubini imegongwa juu ya shingo ya kitako, kwenye mbao, pale gumba linapokaa ukishika. Namba ya bunduki nayo imegongwa kwenye breketi, na ipo pia kwenye mkono wa boliti, kile chuma unachokivuta kuingiza risasi. Ukisoma sehemu zote hizo na zikakubaliana, una seti kamili. Chini ya kitako kuna S51, ndo alama ya Holland & Holland. Kwenye soketi, yaani chuma kinachoshika kitako, kuna M47C ambayo ni alama ya kiwanda cha BSA, kuna TR ya kuonesha ilichaguliwa, na ile T yenyewe ubavuni. Yangu inazo zote. Baba mkubwa alikuwa ananionesha kwa kidole moja moja, mpaka leo nazikumbuka kwa mpangilio aliozitaja.

Nisiwe mchoyo, jamaa alianza vizuri. Alitoa boliti, akamulika mtutu, akapima mdomo wa mtutu kwa kipimo maalum, akaniambia mistari ya ndani bado mikali na hakuna mashimo ya kutu. Hilo si dogo maana risasi za zamani fataki zake, zile za kuwashia baruti, zilikuwa zinaacha chumvi ndani, na mwenye bunduki asipoosha na maji mtutu unaoza. Pale nilikuwa naandika nyota tano kichwani kabisa.

Halafu akaigeuza, akaangalia mbao, akaguna. Akasema, nanukuu, "Mzee hii mbao imechakaa, kabla hujauza ipige msasa, paka vanishi, na hicho chuma kipulizie rangi nyeusi mpya, bei itapanda."

Msasa! Kwenye shingo ya kitako! Pale pale ilipo namba ya darubini! Nikamuuliza kaka umeona kilichoandikwa hapo, akajibu bila hata kuinama, "Ni mikwaruzo ya askari hiyo." Nikamwonesha S51 akasema ni namba ya stoo. Mtu analipwa kuthamini bunduki ya vita anamwambia mwenye mali afute ushahidi wa mali yake. Hiyo ni sawa na fundi kukwambia ukwangue namba ya chasisi ili gari lipendeze kwa mnunuzi.

Na hata tuseme hakuna namba pale, bado ushauri ni mbovu. Mkusanyaji yeyote makini anataka mbao iliyochoka kihalali, mafuta yaliyoingia kwa mikono ya watu, rangi iliyochubuka pale palipostahili kuchubuka. Ukishapaka upya umeua, thamani ya kwanza hairudi. Nimeona bunduki nzuri zimepigwa vanishi zinang'aa kama kabati jipya na wanunuzi wanapita tu. Zile zilizokatwa mbao ya mbele au kutobolewa matundu mapya kwa ajili ya darubini ya kisasa ndo kabisa, na matundu hayo hata uyazibe mwenye jicho anayaona.

Ripoti ilivyokuja nikachoka. Bunduki imepewa bei yake peke yake, kama No. 4 ya kawaida "iliyofanyiwa marekebisho". Darubini imeandikwa mstari wa chini kabisa kama "kifaa cha ziada". Kifaa cha ziada jamani! Ukitenganisha hizo mbili umeua seti, darubini pekee ina bei yake na bunduki iliyobaki na pedi tupu ina bei yake, lakini jumla yao haifiki seti yenye namba zinazokubaliana, haifiki hata karibu. Tena soko la (T) limejaa feki, watu wanafunga pedi za kuiga kwenye No. 4 ya kawaida na kugonga T yao wenyewe, ndo maana alama na namba ndo kitu cha kwanza kuangaliwa. Kwenye ripoti nzima hakuna namba hata moja iliyonakiliwa. Hata ya bunduki yenyewe!

Bei zenyewe walizilinganisha na matangazo ya wauzaji. Wakuu, bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji, bunduki inaweza kukaa na hiyo bei miaka. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alitoa hela akaondoka na mzigo, na ya mnadani nayo lazima uulize kama kamisheni imo au haimo, maana mnada unakata kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Na ripoti iseme ni bei gani, ya bima, ya kumuuzia mkusanyaji, au ya kumuuzia dalali anayetaka faida yake. Hizo zinatofautiana sana. Ya kwao ilisema "thamani" basi.

Nilitaka kuishia kusema jamaa hajui tu, si kosa la jinai, kwa bunduki ya kawaida ya kuwindia nendeni, kazi ya mtutu anaiweza na vipimo vyake ni vya maana, nyota tatu. Nilishaandika hivyo hapa nikafuta. Kwa sababu siku chache baada ya ripoti alinipigia simu mwenyewe, sauti ya upole sasa, ananiita kaka, anasema kama mauzo yanasumbua yeye yuko tayari kunisaidia kuichukua yote "pamoja na hicho kidarubini" kwa bei ya ripoti. Nikanyamaza kidogo nikamuuliza, ukichukua wewe utapiga msasa? Akakata simu.

Sasa sijui. Inawezekana hajui kweli, maana anayejua asingenishauri niharibu kitu anachotaka kukinunua. Au alijua sitaharibu, alitaka nione ni takataka. Naenda huku narudi huku. Ila anayethamini kitu halafu akawa ndo mnunuzi wa kitu hicho hicho, mimi simwamini tena, awe mjinga awe mjanja. Nyota moja, na hiyo ni ya ule mtutu aliouangalia vizuri.

Nimepeleka picha kwa mtaalamu mwingine wa bunduki za Uingereza. Kabla hajataja bei wala kuuliza mbao ikoje aliomba picha nne: shingo ya kitako kwa juu, chini ya kitako, breketi, na mkono wa boliti. Nimempa. Wale wa kwanza nimewaandikia warudishe ada yangu au watoe ripoti mpya yenye namba zote zimenakiliwa, nasubiri jibu. Kipande cha mbao cha shavu nimekizungushia kitambaa kikavu na hakuna mtu atakayekigusa na msasa nikiwa hai.