Shattered Pixel Dungeon: gemu yenye haki, ila mwalimu mbovu

Orofa ya 5, kwenye lile dude jeusi la utelezi liitwalo Goo, ndipo wachezaji wengi wapya wa Shattered Pixel Dungeon wanapoishia. Dude linavimba, mchezaji anaendelea kupiga, kisha pigo moja linamaliza uhai wote. Kila alichookota kimepotea na anaanza upya orofa ya 1. Wakati kilichotakiwa kilikuwa kidogo: ukiliona linavimba, acha kupiga na usogee, maana pigo lile linafika miraba miwili ya sakafu. Na usilipe nafasi ya kukaa majini, kwa sababu humo linajirudishia uhai.

Gemu ni ya ukoo wa Rogue, ile ya mwaka 1980: shimo linapangwa upya kila unapoanza, unacheza kwa zamu, na ukifa umekufa. Evan Debenham aliitoa mwaka 2014 akijenga juu ya Pixel Dungeon, gemu ya awali ya mtengenezaji aitwaye Watabou, na bado anaiongezea vitu hadi leo. Kuna orofa 26 za kushuka zenye maeneo matano: mifereji ya maji machafu, gereza, mapango, jiji la vibeta na kumbi za mashetani. Kila eneo linaishia kwa bosi. Wahusika ni sita, wa mwisho akiwa Cleric (kasisi) aliyeingia mwaka 2025, na kila mmoja anachagua tawi lake la ufundi baada ya kumwangusha Tengu, bosi wa orofa ya 10.

Ubora wake mkubwa ni kwamba bahati imewekewa mipaka. Rangi za dawa na alama za hati za uchawi hubadilika kila mchezo, kwa hiyo chupa nyekundu ya jana si ya leo. Lakini kila eneo lina hati 3 za Upgrade (za kuboresha kifaa) na dawa 2 za Strength (za kuongeza nguvu), lazima. Ndiyo maana ukiwa orofa za mwanzo na una hati mbili za aina moja usiyoijua, isome: aghalabu ni Upgrade au Identify, ya kutambua kitu usichokijua.

Vyumba maalumu navyo vinasema. Ukikuta chumba kimezibwa kwa mbao, dawa ya moto imewekwa mahali fulani katika orofa hiyohiyo. Ukikuta bwawa la samaki wakali wa piranha na hazina ng'ambo, kuna dawa ya kutoonekana. Kwa hiyo kabla ya kujaribu chupa ngeni kwa kuinywa, maliza kuzunguka orofa, uone chumba kinadai nini, kisha upunguze makisio. Ukilazimika kunywa, simama kando ya maji na mbali na majani makavu, uhai ukiwa umejaa. Ikitokea ni moto, hatua moja majini inauzima.

Mapigano nayo yana akili ya namna hiyo. Mlango ni silaha. Simama ubavuni mwake mahali adui hakuoni, umsubiri akanyage kizingiti, kisha upige: pigo la kushtukiza halikosi kamwe. Kaa wa mifereji anatembea mara mbili ya mwendo wako, hivyo kumkimbia ni kujipa majeraha ya bure. Mpeleke mlangoni.

Sasa hesabu inayoamua mchezo wote. Unaanza na nguvu 10. Deraya ya Plate, ile nzito ya mabamba ya chuma, inadai 18, na kila nguvu inayopungua inakula mwendo wako na uwezo wa kukwepa. Upgrade ya kwanza inashusha dai hilo kwa 1, ya tatu inafikisha 2, ya sita 3, ya kumi 4. Ukimaliza orofa ya 10 ukiwa umekusanya dawa zote una nguvu 14 na umepata hati 6. Ukizitia zote kwenye Plate, dai linashuka hadi 15, umebakiza moja tu. Ukizigawa mbili kwenye upanga, mbili kwenye deraya na mbili kwenye pete, huna kitu. Chagua kifaa kimoja ukibebeshe mzigo; hata fimbo ya uchawi inafaa, ikiwa ndiyo iliyokuangukia mapema.

Hapa ndipo udhaifu wake unapoanza, kwa sababu jambo la uzito huu mchezaji mpya hulijua amechelewa. Mwongozo upo, ila umekatwa kurasa zilizotawanywa shimoni, na wengi huziokota baada ya kufa mara nyingi. Kanuni kama hii ilistahili kusemwa kabla hati ya kwanza haijatumika.

Pili, idadi ya hati ni ya uhakika lakini silaha si ya uhakika. Unaweza kufika mapangoni bila kitu cha maana cha kuboresha. Mzimu wa orofa za 2 hadi 4 husaidia, kwani ukimtimizia kazi yake unachagua silaha au deraya, basi usimpite. Kurudi kuua panya ili upate uzoefu hakusaidii: ukishapanda kiwango, viumbe dhaifu hawakupi tena uzoefu wala mali. Njaa nayo inakusukuma, inaanza baada ya zamu 300 na ikifika 450 uhai unaanza kuliwa.

Tatu, kutafuta milango ya siri kunachosha. Kila upekuzi unakula zamu na kuongeza njaa, na orofa moja inaweza kukuzungusha kuta zote.

Kwenye simu ndogo, mguso uliokosea mraba mmoja unaweza kumaliza safari ya saa kadhaa, na hakuna kutengua. Kabla ya pambano zito, vuta picha kwa vidole viwili mpaka miraba iwe mikubwa, tena ongeza ukubwa wa vitufe kwenye mipangilio. Jaza pia kiriba cha umande: tone moja linarudisha asilimia 5 ya uhai, na kikijaa matone 20 kinatosha kubariki Ankh, ambayo inakufufua papo hapo ukiuawa.

Kwenye Android ni ya bure, haina matangazo, haihitaji bando ukishaipakua. Anayependa anaweza kumchangia mtengenezaji. Kwenye iPhone na Steam, duka la gemu za kompyuta, inauzwa. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, sokoni kuna nakala nyingi zenye majina yanayofanana, basi hakikisha jina la Evan Debenham lipo kabla hujabonyeza kupakua.